Kwa Nini Watu Hupenda Kusikia Habari za Mauaji?

Askari yeyote aliyewahi kushika lindo mahali palipotokea mauaji analijua jambo hili. Kabla mkuu wa upelelezi hajafika, kabla daktari hajaitwa, watu wamekwisha kujaa. Wametoka sokoni na mashambani. Mama amebeba mtoto mgongoni, mzee ameacha pombe yake kibuyuni, vijana wamepanda mitini ili waone vizuri. Ukiwauliza wamefuata nini, hakuna atakayekujibu sawasawa. Marehemu si ndugu yao, wala hawana msaada wa kumpa. Hata hivyo hawaondoki. Na ifikapo jioni habari ile itasimuliwa katika kila nyumba, na kila msimulizi ataongeza chumvi yake.

Wengi wetu huwatazama watu hao kwa dharau, tukisema hawana haya wala huruma. Katika makala hii tunapenda kuonyesha kwamba jambo hili lina mizizi mirefu katika nafsi ya binadamu, na kwamba si uovu kwa asili yake. Lakini pia tunapenda kuonyesha kwamba tamaa hiyo, ikiachwa bila kuongozwa, yaweza kumpotosha shahidi, kumdhulumu marehemu, na hata kumpa muuaji nafasi ya kuua tena. Hilo la mwisho si maneno ya kutisha watoto. Lilitokea Uingereza kati ya mwaka 1978 na 1981, nasi tutalieleza kwa urefu, kwa kuwa lina funzo kubwa kwa kila mtu avaaye sare.

TAMAA HII SI YA LEO

Tusidhani kwamba tamaa ya kutazama maovu imeletwa na sinema au simu za mkononi. Plato, mwanafalsafa wa Wayunani aliyeandika katika karne ya nne kabla ya kuzaliwa Kristo, alisimulia katika kitabu chake cha Jamhuri habari za mtu mmoja aitwaye Leontius. Mtu huyo alikuwa akipanda kutoka bandari ya Athens, akaona maiti za watu waliouawa kwa hukumu zimelala chini, kando ya yule aliyetimiza hukumu hiyo. Akatamani kuzitazama, na papo hapo akajichukia kwa kutamani. Akashindana na nafsi yake kwa muda huku amefunika uso. Mwisho tamaa ikamshinda, akayakodoa macho, akazikimbilia maiti huku akiyalaani macho yake na kuyaambia yashibe. Plato alileta kisa hicho kuonyesha kwamba ndani ya mtu mmoja mna nguvu zinazopingana. Imepita miaka zaidi ya elfu mbili na mia tatu, na Leontius bado yumo katika kila umati tunaoutawanya.

Huko Uingereza, mpaka mwaka 1868, waliohukumiwa kifo walinyongwa hadharani, na siku ya kunyonga ilikuwa kama sikukuu. Wachuuzi waliuza vyakula, na pia karatasi zilizochapishwa habari za mauaji yenyewe, nyingine zikiwa na maneno ya mwisho ya mfungwa, yaliyotungwa na mpiga chapa kabla mfungwa hajafungua kinywa. Mwezi wa Novemba 1849 mwandishi mashuhuri Charles Dickens alikwenda kuona mume na mke, Frederick na Maria Manning, wakinyongwa mjini London kwa kosa la kuua. Baadaye aliliandikia gazeti la The Times barua akilalamika juu ya vicheko na utovu wa adabu wa umati ule. Malalamiko yake yalikuwa ya haki. Lakini na tukumbuke kwamba Dickens naye alikwenda, tena yeye na rafiki zake walikodi mahali pazuri pa kuonea.

Katika siku zetu umati huo hauna haja ya kutoka nyumbani. Mwaka 2014 kipindi cha kusikiliza kwenye simu kiitwacho Serial, kilichochunguza upya kesi ya mauaji ya mwaka 1999 huko Baltimore, Marekani, kilisikilizwa na mamilioni ya watu, na tangu hapo vipindi vya namna hiyo vimezaliana kama nzige. Vyombo vimebadilika, moyo ni ule ule.

WANAZUONI WASEMAVYO

Wanazuoni wa elimu ya nafsi, ambayo wengine huiita saikolojia, wamezitafuta sababu za tamaa hii kwa utafiti, nasi tutazitaja nne zilizo kubwa.

Sababu ya kwanza ni kujikinga. Wazee wetu walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Asikiaye jinsi mtu alivyovamiwa hujiuliza kimoyomoyo, "Ningekuwa mimi ningefanyaje?" Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Amanda Vicary na Chris Fraley, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wasomaji wa vitabu vya mauaji ya kweli. Waliona kwamba wanawake walivipenda vitabu hivyo kuliko wanaume, na kwamba walivutwa zaidi na kitabu kilichoeleza hila ambayo mtu aliitumia kujiokoa, au kilichofichua kilichomsukuma muuaji. Kwa maneno mengine, yule anayeogopa kushambuliwa ndiye anayesoma kwa bidii, mfano wa msafiri anayeuliza habari za njia yenye simba.

Sababu ya pili ni msisimko. Marvin Zuckerman, mwanazuoni wa Marekani, alitumia miaka mingi kuchunguza kwa nini watu wengine huridhika na maisha matulivu na wengine huhitaji kila mara jambo la kushtua damu. Habari ya mauaji humpa mtu hofu isiyo na hatari. Moyo unadunda, nywele zinasimama, lakini mlango umefungwa na taa inawaka. Ni kama kumtazama mamba ukiwa juu ya daraja.

Sababu ya tatu ni kutaka kuujua moyo wa mtu mwingine. Mwaka 2021 mtafiti Coltan Scrivner alitoa kipimo cha udadisi wa mambo ya kutisha, naye aliugawa udadisi huo katika mafungu manne: akili za watu wa hatari, matendo ya ukatili, miili iliyojeruhiwa, na mambo ya mizimu na uchawi. Fungu la kwanza ndilo linalotuhusu hapa. Mnyama mkali twamjua kwa meno yake, lakini muuaji hana alama usoni. Aghalabu ni jirani anayetusalimia kila asubuhi. Kikulacho ki nguoni mwako, na ndiyo maana watu hawachoki kuuliza imekuwaje mtu kama sisi akatenda jambo kama lile.

Sababu ya nne ni kiu ya haki. Kila mtu hupenda kuamini kwamba dunia ina utaratibu, kwamba mwema hulipwa wema na mwovu hulipwa uovu. Mauaji huuvunja utaratibu huo. Kisa kinachoanza kwa maiti na kuisha kwa hukumu ya mahakama hutuambia kwamba kilichovunjika kimeungwa, nasi twalala usingizi.

Sababu hizi nne, ukizitazama, hakuna iliyo mbaya. Lakini kila moja ina kivuli chake. Amos Tversky na Daniel Kahneman walionyesha mwaka 1973 kwamba mtu hukadiria wingi wa jambo kwa wepesi wa kulikumbuka. Basi aliyejaza akili yake visa vya mauaji ya ajabu huanza kuona mauaji ya ajabu kila mahali, ilhali mengi ya mauaji hutokana na mambo ya kawaida: ulevi, ugomvi wa shamba, wivu wa nyumbani, fedha. Na kiu ya haki nayo, isipopata muuaji wa kuadhibiwa, yaweza kumgeukia hata marehemu, kama tutakavyoona.

MWAKA 1888 NA JINA LILILOBUNIWA

Ili kuelewa yaliyotokea Yorkshire, yatupasa kwanza turudi nyuma miaka 90. Kati ya Agosti na Novemba 1888, wanawake watano maskini waliuawa kwa kisu katika mtaa wa Whitechapel na mitaa jirani, mashariki ya London. Mwishoni mwa Septemba shirika moja la habari lilipokea barua iliyoandikwa kwa wino mwekundu, ikiwadhihaki polisi, na chini yake mwandishi amejiita "Jack the Ripper", yaani Jack Mpasuaji. Hapo ndipo jina hilo lilipozaliwa. Maofisa kadhaa wa polisi wa wakati ule waliamini kwamba barua ile iliandikwa na mwandishi wa habari, wala si muuaji. Lakini magazeti yalikwisha kulitangaza jina, na barua nyingine mamia zikafuata, kutoka kwa watu ambao hawakumwua yeyote ila walitaka kuonja utamu wa kuogopwa.

Muuaji hakujulikana mpaka leo. Jina lililobuniwa likawa maarufu duniani kote, limeandikiwa vitabu na kuchezewa sinema, na watalii hulipa fedha waongozwe usiku katika vichochoro alimopita. Lakini ni wasomaji wangapi wawezao kuwataja waliouawa? Waliitwa Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly. Ilipasa kungoja hadi mwaka 2019 ndipo mwanahistoria Hallie Rubenhold alipotoa kitabu kinachoeleza maisha yao yote watano badala ya vifo vyao.

SAUTI KATIKA KANDA

Mwezi wa Oktoba 1975 mama mwenye watoto wanne aliuawa mjini Leeds, katika jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Katika miaka mitano iliyofuata wanawake wengine kumi na wawili waliuawa, wengi wao katika miji ya Yorkshire na baadhi mjini Manchester, na wengine kadhaa wakashambuliwa wakanusurika. Magazeti yakamwita muuaji "Ripper wa Yorkshire", wakifufua jina la mwaka 1888. Jina hilo ndilo lililoandaa shamba kwa mbegu mbaya iliyokuja kupandwa.

Mwezi wa Machi 1978 barua mbili zilipelekwa, moja kwa George Oldfield, ofisa mkuu wa polisi aliyeongoza msako, na nyingine kwa gazeti. Barua ya tatu ikafuata mwaka 1979. Zote zilitoka mji wa Sunderland, mbali na Yorkshire kuelekea kaskazini, nazo zilitiwa sahihi ya "Jack the Ripper". Mwezi wa Juni 1979 ikaja kanda ya kinasa sauti. Sauti nzito ya mwanamume, iliyotulia, ilimtaja Oldfield kwa jina na kumcheka kwa kushindwa kumkamata.

Wataalamu wa lafudhi waliisikiliza, wakataja hata kitongoji cha Sunderland walikodhani alitoka msemaji, na kweli hawakukosea sana. Mate yaliyokuwa juu ya bahasha yalionyesha kundi la damu lisilo la kawaida, ambalo lililingana na dalili zilizopatikana katika mauaji mengine ya mjini Preston mwaka 1975. Tena ilidhaniwa kwamba barua zina mambo ambayo muuaji peke yake angeyajua. Kwa hakika mambo hayo yalikuwa yamekwisha kuchapwa magazetini. Na yale mauaji ya Preston, kama ilivyothibitishwa miaka mingi baadaye, yalikuwa ya mtu mwingine kabisa.

Basi kanda ikapigwa katika redio na televisheni, na namba ya simu ikatolewa ili kila atakaye aisikilize. Watu wakapiga simu kwa wingi usio kifani. Taarifa zikamiminika kwa maelfu: huyu alimshuku mumewe, yule mwajiri wake, mwingine jirani aliyemkosea. Kadi za kumbukumbu, zilizoandikwa kwa mkono, zikajaa chumba cha msako mjini Leeds hata ikawa kadi ya jina moja haionani na nyingine ya jina lile lile. Na kosa kubwa kuliko yote likafanyika: wapelelezi waliambiwa kwamba mtu asiye na lafudhi ya Sunderland yaweza kuondolewa katika orodha ya wanaoshukiwa.

Muuaji wa kweli alikuwa Peter Sutcliffe, dereva wa lori, mkazi wa Bradford, mtu aliyeoa na kuishi kwa utulivu kati ya majirani zake. Lafudhi yake ilikuwa ya Yorkshire. Wapo wanawake walionusurika waliosema mapema kwamba mtu aliyewashambulia alisema kama watu wa hapo hapo. Hawakusikilizwa. Kwa jumla polisi walimhoji Sutcliffe mara tisa katika msako huo. Mwaka 1979 konstebo mmoja mpelelezi, baada ya kumhoji nyumbani kwake, alimshuku na kuandika taarifa. Lakini mtu huyo hakuwa na lafudhi ya kanda, na taarifa ikawekwa kabatini. Baada ya kanda ile kupokewa, wanawake watatu zaidi waliuawa, wa mwisho akiwa msichana mwanafunzi wa chuo kikuu, mwezi wa Novemba 1980.

Na mwenye sauti? Ilichukua miaka 26 kumpata. Kipande cha bahasha kilichohifadhiwa katika maabara kilipimwa kwa njia mpya ya chembe za urithi, na mwezi wa Oktoba 2005 akakamatwa John Humble, mkazi wa Sunderland, mlevi asiye na kazi. Alipotuma kanda alikuwa kijana wa miaka 23. Hakuwa ameua mtu. Alikuwa amevutwa na habari za Jack wa mwaka 1888, na barua zake ziliiga maneno ya barua za kale. Mwezi wa Septemba 1979, alipoona moto aliouwasha unavyoenea, alipiga simu polisi bila kujitaja akisema kanda ni ya uongo. Simu hiyo ikazama katika bahari ya simu nyingine. Mwaka 2006 mahakama ya Leeds ilimhukumu kifungo cha miaka minane kwa kupotosha njia ya haki.

Tuutazame mnyororo huu wote. Mwaka 1888 mtu anabuni barua ili kuwafurahisha wasomaji. Kijana wa karne nyingine anaisoma, inamkolea, anaiiga. Wakubwa wenye uzoefu wa miaka mingi wanaisikia sauti ya dhihaka na kuiamini. Mbona waliiamini? Si kwa ujinga. Walikuwa wamechoka, walikuwa wakisutwa na magazeti kila siku, na kanda iliwapa adui wa aina ile ambayo kila mtu aliitazamia: mwerevu, mwenye majivuno, anayemchokoza mkuu wa polisi kama katika hadithi. Dereva wa lori anayewafungulia mlango kwa adabu na kuwakaribisha ndani hakufanana na adui huyo. Tamaa ya kisa kizuri haikuwa kwa umati wa nje peke yake. Ilikuwa imeingia ndani ya chumba cha msako.

WALIOFANYA KAZI BILA KELELE

Aliyekomesha jambo hili hakuwa na kanda wala ramani kubwa ukutani. Usiku wa tarehe 2 Januari 1981, Sajenti Robert Ring na Konstebo Robert Hydes walikuwa katika doria ya kawaida mjini Sheffield. Wakaona gari limesimama mahali pa giza, ndani yake mwanamume na mwanamke. Wakauliza maswali ya kawaida, wakaangalia namba za gari kama ilivyo desturi, wakakuta namba hizo si za gari lile. Mtu yule akaomba ajisaidie kando, akaenda nyuma ya tangi la mafuta. Kisha wakampeleka kituoni kwa kosa la namba za uongo.

Kesho yake Sajenti Ring alisikia kwamba mtu aliyemkamata bado anahojiwa juu ya msako mkubwa. Akakumbuka tangi la mafuta. Akarudi pale, akaangaza, akaokota nyundo na kisu. Tarehe 4 Januari Sutcliffe alikiri. Mwezi wa Mei 1981 alipatikana na hatia ya kuua wanawake kumi na watatu na kujaribu kuua wengine saba, naye alibaki kifungoni mpaka alipokufa mwaka 2020.

Taarifa ya uchunguzi wa serikali iliyoandikwa mwaka huo huo wa 1981 na Lawrence Byford, mkaguzi wa polisi, ilikosoa vikali jinsi barua na kanda zilivyoaminiwa na jinsi kumbukumbu zilivyotunzwa. Kutokana na mafunzo ya kesi hiyo polisi wa Uingereza walianza kutumia kompyuta kuunganisha taarifa za upelelezi. Lakini kwa maoni yetu funzo lililo kubwa kuliko kompyuta ni lile la sajenti aliyerudi kutazama mahali ambapo mtu alikuwa amesimama kwa dakika moja.

MAREHEMU NAYE NI MTU

Tulisema kwamba kiu ya haki yaweza kumgeukia marehemu. Mwaka 1966 Melvin Lerner na Carolyn Simmons, wanazuoni wa Marekani, waliwaonyesha wanafunzi mwanamke aliyeonekana kana kwamba anaadhibiwa kwa umeme kila akosapo jibu. Kwa kweli hakuumizwa, lakini watazamaji hawakujua hilo. Wale waliojua kwamba hawawezi kumwokoa, na kwamba mateso yataendelea, walianza kumwona kuwa mtu asiyefaa. Ilikuwa rahisi kwao kuamini kwamba amestahili kuliko kukubali kwamba asiye na hatia anateseka bure. Lerner alilieleza jambo hili kuwa ni imani ya kwamba dunia ni ya haki.

Huko Yorkshire hali ilikuwa hiyo hiyo. Baadhi ya waliouawa walikuwa wanawake waliouza miili yao kwa ajili ya umaskini. Polisi na magazeti walisema juu yao kwa namna moja, na juu ya wengine, waliowaita "wasio na hatia", kwa namna nyingine; kana kwamba mtoto wa kahaba halii anapokosa mama. Mwezi wa Novemba 2020, baada ya miaka arobaini, mkuu wa Polisi wa Yorkshire ya Magharibi aliwaomba radhi hadharani jamaa za marehemu kwa lugha iliyotumika wakati ule. Wengi waliostahili kuisikia radhi hiyo walikuwa wamekwisha kufa.

YATUPASAYO

Ndugu askari, hatuwezi kuiondoa tamaa hii katika mioyo ya watu, wala haifai tuitukane. Mwananchi anayekuja kutazama anaogopa, anataka kujua kama nyumba yake ni salama. Neno moja la heshima kutoka kwa askari humtuliza kuliko kiboko. Lakini eneo la tukio na lizungushiwe kamba mapema, tena kwa upana, kwa maana nyayo za mia moja hufuta nyayo za mmoja. Na askari wa lindo ageuze uso kwa watu, si kwa maiti. Kazi yake ni kulinda na kuona nani amekuja, wala si kutazama kile ambacho wote wanatamani kutazama.

Mashahidi na watengwe, waandikiwe maelezo kabla hawajakaa pamoja kusimuliana. Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha mwaka 1974 kwamba hata neno moja la muulizaji laweza kubadili kumbukumbu. Watu walionyeshwa sinema ya ajali ya magari. Walioulizwa kwa neno la kuonyesha kwamba magari "yalipondana" walikumbuka mwendo mkubwa zaidi kuliko walioulizwa kama "yaligongana", na baada ya juma moja wengi zaidi kati yao walisema wameona vioo vilivyovunjika, ilhali havikuwapo. Ikiwa swali moja hufanya hivyo, je, masimulizi ya soko zima yatafanyaje?

Siri za upelelezi na zibaki katika jalada. Kila jambo linalotolewa katika bwalo au baa kesho litarudi kituoni katika kinywa cha mwongo anayejifanya shahidi, nasi hatutakuwa na kipimo cha kumpimia. Simu ya mkononi nayo imefanya hatari hii kuwa kubwa zaidi. Mwaka 2023, katika kijiji kimoja cha Lancashire, Uingereza, mama mmoja alipotea kando ya mto. Watu wakasafiri kutoka mbali wakiwa na simu zao, wakapiga picha, wakaingia katika maeneo ya watu, wakawatuhumu wasio na kosa, mpaka polisi wakalazimika kutoa amri za kuwatawanya. Mwili ulipatikana mtoni, na mahakama ya uchunguzi wa vifo ikaamua kwamba alizama kwa ajali. Hapakuwa na muuaji. Palikuwa na watoto wawili wanaomsubiri mama yao huku dunia nzima ikiwabishania. Na askari anayepiga picha ya maiti na kuwatumia rafiki zake amejiunga na umati ule, ingawa amevaa sare.

Mwisho, kila mmoja wetu aichunguze nafsi yake. Pakitokea maelezo mawili, moja la kusisimua na moja la kawaida, tusilipende lile la kwanza kwa sababu tu ni tamu masikioni. Muuaji wa Yorkshire alikuwa katika kadi za polisi wakati nchi nzima ikisikiliza sauti ya mtu mwingine. Wanawake watatu walilipa kwa maisha yao. Basi unapokabidhiwa zamu usiku wa leo, lile gari lililosimama gizani, lile jina lililotokea mara ya pili kitabuni, yule shahidi maskini aliyesema jambo moja dogo mara mbili bila kusikilizwa: hayo ndiyo ya kuyarudia, hata kama hakuna mtu atakayekusanyika kukutazama ukiyafanya.